Nyasi Singa za Ng'ambo ya Mto

Jumatano, 8 Machi

Mvua imefika jana alasiri, na leo Mkuu wa ofisi yetu ya mimea ametuita wote kutugawia kazi za msimu. Mimi nimeangukiwa na nyasi singa. Anasema kila benki na kila hoteli mjini imepanda mlangoni pake nyasi za mapambo zilizonunuliwa nje, ilhali sisi tunazo zetu, ndefu, laini, zenye masuke kama nywele zilizochanwa, na hakuna anayejua vizuri zinaota wapi. Nichore ramani ya mahali zinapoota zenyewe.

"Zenyewe," akarudia, huku akigonga meza kwa kalamu. "Iliyopandwa na mtu ni bustani. Haiingii kwenye ramani."

Nilimwambia hilo nalijua. Nilianza kukausha mimea katika jengo hili kabla sijaolewa.

Ijumaa, 10 Machi

Mvua. Buti la kushoto linavuja.

Jumatano, 15 Machi

Nimetembea milima ya upande wetu wa mto mpaka magoti yanalia. Nyasi singa nimezikuta palepale zinapojulikana, kwenye mabonde mawili yenye ubaridi, masuke meupe pe. Hakuna jipya. Ng'ambo ya mto hatujawahi kuzipata, na Mkuu anaamini mto ndio mpaka wake.

Jumamosi, 18 Machi

Siandiki vizuri kwa furaha.

Mume wangu alinilazimisha twende kwa mama yake. Anakaa ng'ambo ya mto, kwenye kile kilima cha mawe kinachopakana na machimbo ya kokoto, peke yake tangu baba mkwe afariki. Mimi si mwendaji wa huko. Kila mara nina sababu, na sababu zangu huwa ni za kweli, ndiyo maana mume wangu hushindwa kubishana nazo. Leo sikuwa nayo.

Tulikunywa chai. Maongezi yakaisha mapema, kama kawaida yetu mimi na yeye. Nikatoka kwenda msalani nyuma ya nyumba, na nikasahau nilichoendea. Mteremko mzima, kutoka kwenye ua wake mpaka karibu na ukingo wa machimbo, umejaa nyasi singa. Na masuke yake si meupe. Ni mekundu, wekundu wa shaba iliyosuguliwa. Sijawahi kuona rangi hiyo, si porini wala kwenye makabati yetu ya mimea iliyokaushwa.

Nilikuwa nimepiga magoti matopeni na gauni langu la kutokea, mama mkwe akanikuta.

"Umepoteza nini, mwanangu?"

"Sijapoteza, mama, nimepata. Haya majani yapo hapa tangu lini?"

"Siku nyingi," akasema. "Mumeo hajazaliwa yalikuwepo."

Nimeandika kwenye daftari la kazi: *wenyeji wanathibitisha yamekuwepo tangu zamani.*

Jumatatu, 20 Machi

Mkuu aliposhika suke lile jekundu alikaa chini. Mtu huyu husimama hata akila. Anasema nikithibitisha, eneo la asili la nyasi singa litakuwa limevuka mto, na huenda hii nyekundu ni aina ya peke yake. Nimeruhusiwa kwenda huko kila Jumamosi mpaka mvua ziishe.

Mume wangu ameuliza: "Sasa utakuwa unamtembelea mama au unatembelea nyasi?"

Nikamwambia vyote viko njia moja.

Jumamosi, 25 Machi

Nimepima mteremko kwa kamba kutoka juu hadi chini. Mama mkwe alikuwa ameniwekea kiti nje, amekiosha kabisa, na chai kwenye chupa. Sikukaa, kazi ilikuwa nyingi, basi akakikalia yeye na kuongea. Aliongea sana leo. Habari za kwao milimani, baridi ya huko, siku alipoletwa huku akiwa mwali na alivyolia. Nilikuwa nahesabu vishina, sikushika hata nusu. Nyasi ni nzito zaidi karibu na ua wake, zinapungua kadiri unavyoshuka. Labda ni maji ya jikoni.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimepekecha masuke kiganjani nione mbegu. Yote mapepe. Sikupata punje hata moja iliyojaa. Nadhani ni mapema mno.

Akaja msimamizi wa machimbo, mtu mnene mwenye adabu, na kopo la rangi. Anatia alama nyeupe kwenye mawe. Anasema mteremko huu ni wao kwa mkataba, na katapila litaupanda msimu huuhuu.

"Huwezi," nikamwambia.

"Mama, mimi natumwa tu."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Nilipogeuka nikamkuta anayatazama yale majani kama mtu anayemtazama mtoto wake akiitwa jina shuleni kwenda kuadhibiwa.

Jumatatu, 3 Aprili

Mkuu amewaandikia machimbo: mimea ya asili isiyopatikana mahali pengine, wasiguse mpaka utafiti ukamilike. Wamekubali. Nimerudi nyumbani naimba, watoto wakaulizana kimenipata nini.

Jumamosi, 8 Aprili

Nimempelekea mama mkwe habari. Alinishika mikono yote miwili. Mikono yake migumu, na imekauka kama gome. Sikumbuki kama tuliwahi kushikana mikono zaidi ya kusalimiana.

Jumamosi, 15 Aprili

Mbegu bado mapepe. Mama mkwe aliniomba nilale, nirudi kesho. Nikamwambia siwezi, nina ripoti. "Basi ripoti ikishapona utalala," akasema. Huwa ana maneno, sikuwa najua. Nimecheka njia nzima.

Jumamosi, 22 Aprili

Leo ni lazima niandike yote, hata kama sipendi.

Nilifika asubuhi, na kabla sijafungua kamba mvua ikashuka ile ya kuzuia hata kuku. Tukakaa ndani. Nikaona nisipoteze saa, nikatoa rasimu ya ripoti nikaanza kumsomea, kwa kuwa mteremko ni wa nyumbani kwake na nilitaka afurahi. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikafika hapa: *nyasi hizi huota zenyewe kwenye kilima hiki, na hakuna dalili ya kupandwa na mtu.*

Mkono wake ukasimama.

"Hapo futa," akasema.

"Nifute nini, mama?"

"Hapo pa kuota zenyewe. Hazikuota zenyewe. Nilizipanda mimi."

Nilidhani anatania. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasogeza ungo pembeni, akapangusa mapaja, akanieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa.

Alipoolewa aliletwa huku kutoka milimani, mbali, mwendo wa kutwa kwa lori na barabara za wakati ule. Kwao nyasi hizi nyekundu zilijaa nyuma ya nyumba ya mama yake. Akang'oa kishina kimoja, kimoja tu, akakifunga kwa kitambaa na kukibeba mapajani njia nzima. Akakipanda nyuma ya jiko. Kilipokua akakigawa, kila mwaka akagawa, akateremka nacho kilima. Baba mkwe alimwambia watu hupanda mahindi. Akamjibu mahindi yataota tu, lakini yeye asipoona kitu cha kwao atakauka.

Wakati anaongea nilikuwa naona kila kitu kimoja kimoja. Nyasi kuwa nzito karibu na ua. Mapepe: nyasi singa haizai mbegu peke yake, lazima ichanganye na jirani asiye wa shina lake, na mteremko mzima ni kishina kimoja kilichogawanywa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona. Mimi sikuliona kwa kuwa sikutaka kuliona.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Msimu wote huu nakuja, napima, Mkuu ameshaandika barua, na wewe unanitazama tu?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Siku ile unapima na kamba. Nilikuambia yote, na kitambaa nilikutajia rangi. Ukawa unasema, ehe mama, ehe mama."

Kisha nikasema jambo ambalo natamani lingekuwa limezamishwa na ile mvua. Nilisema, "Basi ulipoona sikusikia ungerudia. Umeniaibisha kazini. Umenifanya mjinga ili upate mtu wa kunywa naye chai."

Alinitazama. Akavuta ungo wake akaendelea kuchambua.

"Ndiyo," akasema. "Nilipenda ulivyokuwa unakuja."

Mvua ilipopungua kidogo nikaondoka. Alinisindikiza mpaka kwenye ua na mfuko wa plastiki kichwani. Sikugeuka.

Jumatatu, 24 Aprili

Nimemwambia Mkuu. Hakugomba, afadhali angegomba. Amesema ukweli ni ukweli, akaandika barua ya pili kwa machimbo: ile ni mimea ya kupandwa, si ya asili, ofisi haina tena pingamizi. Nimeiweka sahihi yangu chini ya yake. Niliona nafanya jambo la uadilifu. Sitadanganya, niliona pia kwamba namkomoa mtu.

Mume wangu ameniuliza kwa nini sikukaa kimya.

"Niandike uongo?"

"Sikusema uandike. Nimesema kukaa kimya, hata wiki moja, mpaka umpoze mama kwanza. Barua ingekimbilia wapi?"

Jumamosi, 29 Aprili

Sikwenda. Nina kazi.

Jumamosi, 6 Mei

Sikwenda. Mvua kubwa, na daraja silo la kuaminika. Mume wangu amekwenda peke yake. Amerudi na viazi vitamu alivyopewa aniletee.

Jumamosi, 13 Mei

Mvua haikunyesha. Sikwenda.

Jumanne, 16 Mei

Wiki iliyopita Mkuu aliniambia nimalize ramani: kama mama mkwe aling'oa kile kishina milimani kwao, basi huko ndiko kwenye asili ya nyasi nyekundu, nikapatie alama. Nikamtuma mume wangu amuulize mama yake jina la kijiji kwa simu. Mimi sikuishika simu. Leo alfajiri gari la ofisi limenifikisha.

Nilitegemea mlima mwekundu. Nilikuta viazi. Matuta ya viazi mviringo kutoka barabarani mpaka kileleni, safi, yamepaliliwa, na nyumba za bati katikati. Nikazunguka mpaka mchana. Kwenye kingo za mashamba, kwenye mitaro, kando ya makaburi, sikuona suke moja. Nikamwonyesha mama mmoja aliyekuwa anapalilia suke nililokausha.

"Hee, yale," akasema, akaligeuza mkononi kama picha ya marehemu. "Bibi yangu alikuwa anafagilia nayo. Tuliyang'oa yote walipokuja na mbegu za viazi. Mizizi yake jeuri, tukachoma moto. Miaka mingi sasa."

"Na vijiji vya mbele?"

"Ni viazi mpaka utakapochoka kutembea. Wewe unayo wapi?"

Niliomba maji nikakaa kwenye tuta.

Dunia nzima hii nyasi nyekundu imebaki mahali pamoja, nyuma ya jiko la mama mkwe wangu, kwa sababu msichana mmoja alikuwa na huzuni akabeba kishina mapajani. Na mimi nimetia sahihi kwamba haina thamani.

Niliomba dereva anirudishe nipite ng'ambo ya mto leoleo. Daraja lilikuwa limefunikwa na maji. Tumelala upande huu.

Jumatano, 17 Mei

Nilisikia katapila kabla sijaona kilima.

Mteremko umeisha. Palipokuwa na nyasi pana udongo mweupe na mawe, kama mdomo uliong'olewa meno. Msimamizi akanisalimia kwa heshima zote na kuniambia walianza Jumamosi, maana siku hiyo hakukuwa na mvua. Jumamosi ambayo sikuwa na kisingizio.

"Mnaweza kusimama?" nikamuuliza.

"Tusimamishe nini tena, mama? Kumebaki nini?"

Mama mkwe alikuwa amekaa mbele ya nyumba, mgongo wake umeelekea machimbo. Vumbi limekaa juu ya kilemba chake. Nikapiga magoti nikamsalimia. Akaitikia vizuri tu.

Nikamwambia ya kwao. Nilimwambia yote, viazi na moto na mizizi. Nilidhani atalia. Alitikisa kichwa taratibu.

"Hata nyuma kwa mama?"

"Hata huko."

"Kumbe kwetu kulikuwa huku," akasema.

Baadaye nikamwomba msamaha kwa yale niliyoyasema siku ya mvua. Akasema hana kinyongo, mtu mzima haweki kinyongo na mtoto. Kisha akaniuliza swali, bila ukali, kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Ningekuambia siku ile ya kwanza, kwamba ni mimi nimepanda, ungerudi Jumamosi iliyofuata?"

Nilitazama chini. Akaniwekea mkono begani.

"Basi usiniulize tena kwa nini," akasema.

Nilimpigia simu mume wangu, akafika jioni na magunia na jembe. Tulikwenda kwenye kifusi, tukachambua mawe mpaka macho yalipokataa. Mizizi mingi ilikuwa imesagika, na mingine imekaa juani siku zote hizi. Tumepata magunia mawili. Mama mkwe hakuja kutazama.

Alhamisi, 18 Mei

Nimeipanda mizizi yote kwenye vyungu vya kitalu chetu cha ofisini. Mkuu amevua koti akanisaidia. Alipomaliza akasema, "Na mimi niliisaini barua ile."

Jumapili, 28 Mei

Ukuta wa jikoni kwa mama mkwe umepasuka kutoka juu hadi chini kwa mitetemo ya baruti. Wifi amekuja kumchukua, anakwenda naye kwake, safari ya siku mbili. Nilimwambia mume wangu mama yake akae kwetu, chumba kipo. Alimwuliza. Mama akasema anashukuru, ila kwetu watu wana kazi nyingi.

Hakusema kwa ubaya. Mume wangu ameniapia hakusema kwa ubaya.

Nilikwenda kufunga mizigo. Ni michache mno kwa mtu aliyeishi mahali umri wote. Wifi, ambaye kwa kawaida ulimi wake hunichoma kama upupu, leo alikuwa mpole kwangu, na hilo limeniuma kuliko upupu.

Jumapili, 4 Juni

Mvua zimekwisha. Vyungu vingi vimeoza mizizi. Vichache vina ubichi.

Jumatatu, 12 Juni

Ramani imekamilika. Mabonde mawili ya nyasi nyeupe upande wetu wa mto yametiwa kijani. Milima ya kwao mama mkwe nimeiacha tupu, kwa kuwa leo hakuna kitu. Ng'ambo ya mto nimeacha tupu vilevile. Mkuu ameisifu, anasema ni ramani safi. Ni kweli. Kila alama iliyo juu yake ni sahihi.

Jumamosi, 17 Juni

Asubuhi nilipita kitaluni. Chungu cha mwisho, kile nilichokuwa nakisogeza kivulini na kukirudisha juani kama mgonjwa, kilikuwa kimenyauka. Nilivuta majani, yakatoka na shina lake bila kushindana. Nikamwaga udongo, nikasuuza chungu, nikakipanga na vingine.

Jioni mume wangu aliporudi nyumbani alimpigia mama yake simu. Nikaomba niongee. Alinitazama kidogo kabla ya kunipa.

"Shikamoo mama. Ni mimi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mkwe wako."

"Yupi?" Ana wakwe watatu. Kisha akasema, "Aa. Wa majani."

"Ndiyo mama. Wa majani."

Akaniuliza hali ya watoto, nikamwambia hawajambo. Nikamwuliza ya huko, akasema ni kuzuri, wana maji ya bomba, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Sikutaka akate.

"Na yale uliyookota," akasema. "Yameshika?"

Mume wangu alikuwa amekaa mbele yangu anafungua viatu. Anajua. Nilikuwa nimemwambia mlangoni.

"Yameshika, mama."

"Yametoa maua?"

"Yametoa."

"Bado mekundu?"

"Mekundu vilevile," nikasema. "Watu wanasimama kuyatazama."

Alicheka kidogo, kwa mbali, akamwita wifi aje asikie. Nikasikia anamweleza, maneno yangu yaleyale, na mengine kaongeza.